Mkono wa Baridi

Daudi alinipigia simu nikiwa nimelala chali sakafuni, kwenye mkeka, nikifanya jambo ninalolifanya kila asubuhi. Navuta goti moja mpaka kifuani, mguu wa pili nauacha umenyooka, kisha napitisha kiganja chini ya kiuno kuona kama mgongo umekaa juu ya mkono au umeinuka. Majirani walioniona walidhani ni sala ya aina fulani, nami sijawasahihisha. Nilipokea simu nikiwa bado chini. Daudi ni mtoto wa shangazi yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Dada Regina, mama amepumzika," akasema. Mtu mwingine angeuliza saa ngapi, au aliumwa nini. Mimi niliuliza, "Amelala vipi?" Akanijibu kwamba amelala kwa ubavu, magoti ameyakunja, na wamejaribu kumnyoosha wakashindwa. Nikamwambia wasimlazimishe, wamwache hivyo hivyo mpaka nifike. Nilikata simu nikabaki palepale sakafuni, mkono ungali chini ya kiuno.

Nimekuwa daktari wa mazoezi maisha yangu yote ya kazi. Ndivyo watu wanavyotuita, sisi tunaonyoosha waliopooza na kuwafundisha waliovunjika nyonga kusimama tena, na jina hilo silichukii. Siku ya kuniaga kustaafu, mkuu wangu alisimama mbele ya sahani za pilau akasema mikono yangu ni kipaji cha ukoo, nimekirithi kwa shangazi yangu aliyekuwa mkandaji maarufu huko Gitting. Watu wakapiga makofi. Nilitafuna kipande kimoja cha nyama kwa muda mrefu sana. Nilichopewa na shangazi yangu ni mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwake baada ya kumaliza kidato cha nne nikisubiri barua ya chuo, na katika mwaka huo alinipa kitu ambacho hakuna mtu wa kukipigia makofi. Nitasimulia mwaka huo, na mengine yote nitayaacha.

Nilitoka kwetu Nambis nikiwa na sanduku la bati na sweta mbili, na sweta hazikutosha. Gitting iko ubavuni mwa Mlima Hanang, na miezi ya baridi ukungu unashuka mpaka unaingia ndani ya nyumba ukifungua mlango. Shangazi, ambaye watu wote walimwita Mama Daudi, alikuwa na chumba chake cha kazi nyuma ya jiko. Kitanda kilikuwa cha mbao, kifupi, kimetandikwa ngozi ya ng'ombe na juu yake ngozi ya kondoo. Kulikuwa na dirisha dogo moja upande wa mashariki, kopo la samli, kigae cha chungu kilichovunjika ambacho alikiwekea makaa, na mtungi wa maji kwenye kona. Nje ya mlango kulikuwa na benchi. Nafikiri nilijifunza kwenye lile benchi zaidi ya nilivyojifunza chuoni, maana watu wakisubiri kukandwa wanaongea ukweli. Wanawake walisema nani mumewe hamsaidii kubeba maji, nani amejifungua juzi na leo yuko shambani, nani amevimba miguu. Shangazi alikuwa ndani anakanda, anasikiliza ukuta, na mgonjwa akiingia alikuwa ameshajua nusu ya habari.

Hakuwahi kuanza na pale panapouma. Mtu akiingia akishika kiuno, alimwambia kwanza atembee mpaka kwenye mtungi arudi. Kisha alidondosha punje ya haragwe sakafuni akamwambia aiokote. Alikuwa anatazama ni kitu gani kinatangulia, goti, nyonga au mgongo. "Kiuno hakina kazi yake peke yake," aliniambia. "Nyonga ikigoma, kiuno kinafanya kazi ya nyonga. Kikichoka, kinalia. Sasa wewe unakibembeleza kinacholia, na mwizi amekaa kimya hapo chini." Baada ya haragwe, alimwambia mtu avute pumzi, na yeye akaweka viganja kwenye mbavu za chini kuona kama zinafunguka. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuja mara tatu akilalamikia mgongo, na mara ya tatu Shangazi alimwambia, "Mwalimu, wewe unapumulia shingoni tu. Nani amekutisha?" Yule baba alikaa kwenye kitanda akalia mbele yangu mimi msichana wa juzi, na kweli alipomaliza kulia aliinama akaiokota ile punje.

Wengine aliwarudisha bila kuwagusa. Mama mmoja alikuja kiuno kimekaza, hawezi kugeuka, na Shangazi akamwuliza mara ya mwisho kwenda choo ni lini. Yule mama akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni siku tano. "Haya, nenda kanywe maji ya uvuguvugu, kula mboga za majani mpaka uchoke, mgongo wako uko tumboni," akamwambia, na benchi lote likacheka mpaka mama mwenyewe akacheka. Mzee mmoja alitoka Gehandu, akasema ng'ombe alimsukuma. Shangazi alimgonga kidogo kwa ngumi chini ya mbavu, upande mmoja kisha wa pili, na upande wa pili mzee aliruka. "Baba, huo si mgongo, hiyo ni figo. Panda gari uende hospitali leo." Mzee akakasirika, akasema amesafiri bure. Alirudi baada ya mwezi na jogoo mkononi, akamwachia Daudi jogoo akaondoka.

Lakini jambo alilolishika kuliko yote lilikuwa la mikono. Kule kwenye baridi, kila mkandaji hupasha mikono kwenye makaa kabla ya kumgusa mtu, na watu wanapenda hivyo, wengine wanakuja kwa ajili ya huo moto tu. Shangazi naye alipasha, ila baadaye. Kwanza alichovya mkono wa kushoto kwenye maji ya mtungi, akaukung'uta, akauweka upande wa nyuma wa mkono huo juu ya tumbo la mgonjwa, kisha kwenye kinena, kisha kiunoni. Watu walishtuka, walimlalamikia, wanawake wa benchi walimtania kwamba Mama Daudi anakanda kama maiti. Yeye hakubadilika. "Mkono ukishapata moto, kila mwili unafanana nao," aliniambia. "Ukitaka kujua kama mtu ana moto ndani, uliza na mkono wa baridi." Na akanipa katazo moja tu kwa mwaka mzima. Mtu akilala chali, mguu ukajikunja wenyewe na kukataa kushuka, na tumbo au kinena kikawa na joto, hapo hatukandi. "Mguu unaokataa kunyooka una sababu yake. Kuna kitu kule ndani unakilinda. Usigombane nao."

Nilisikia hayo yote na niliyaelewa. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kujidanganya kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilijua vizuri, na nilikuwa nimevimba kichwa. Ilipofika miezi ya kupura maharage, benchi lilijaa tangu asubuhi, kila mtu ana kile tulichokiita mgongo wa maharage, na Shangazi alianza kuniachia wale wepesi. Wakawa wanasema mkono wa Regina ni mlaini. Siku moja mama mmoja akasema, "Leo nianze na huyu mdogo," nikamtazama Shangazi, akainua mabega tu. Usiku huo nilikula ugali na maziwa ya mgando nikijiona mtu mkubwa.

Emiliana alikuwa rafiki yangu wa kwaya. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya korongo, ukipiga kelele wanasikia. Alikuwa na sauti nzito ya kuimba na ulimi wa kutania, aliniita "daktari wa samli" mbele ya wenzetu wote. Mama yake alikuwa fundi cherehani, ana mashine ya kuzungusha kwa mkono, ameiweka dirishani, na nguo nyingi za Jumapili pale kijijini zilikuwa zimetoka kwenye dirisha lile. Mwezi ule alikuwa anamshonea Emiliana gauni, maana wazee wa upande wa kijana mmoja aliyempenda walikuwa wanakuja kwao kuzungumza. Emiliana alimtaka yule kijana kwa kweli. Alikuwa haongei kitu kingine, mpaka tulimwambia anyamaze tuimbe.

Wiki kama mbili kabla ya wageni, nilimwona anatembea ameinama kidogo mbele, mkono wa kulia juu ya paja. Nikamtania kwamba maharage yamemzeesha. Akasema ni kweli, ni mgongo, kila mtu nyumbani kwao anao. Hakuna aliyeshangaa. Wiki zile nusu ya kijiji kilitembea kimeinama, na kama ugonjwa ungetaka kujificha, usingepata mahali pazuri zaidi.

Ijumaa moja Shangazi alitoka alfajiri kwenda Gehandu kumwona jamaa yake aliyejifungua, akaniambia atarudi jioni. "Wakija waambie wasubiri kesho. Asiyeweza kusubiri aende hospitali." Kulikuwa na ukungu na benchi lilikuwa tupu. Emiliana akaja saa nne hivi, peke yake. Nilimpa chai ya maziwa jikoni, akakaa karibu kabisa na moto, hakuinywa. "Regina, wageni ni keshokutwa," akasema. "Siwezi kuwabebea chai nikiwa nimejikunja hivi. Watasema wameletewa kilema. Mama amenipima gauni juzi, ananiambia simama vizuri, namwambia nimesimama." Nikamwambia Shangazi hayupo. Akasema, "Kwani nimemwuliza Shangazi? Nimekuja kwa daktari wa samli."

Nilimwambia atembee mpaka kwenye mtungi. Alitembea akijisukuma paja kwa mkono. Haragwe hakuweza kuliokota, alicheka akasema nimwachie kuku. Akalala chali, na goti la kulia likabaki juu. Nilisimama pale nikaliona. Nikanyoosha mkono wa kushoto kwenye mtungi. Maji ya asubuhi ile yalikuwa makali, vidole vyangu viliuma kabla havijazama, na Emiliana akasema, "Usiniwekee hayo maji yako, nakuomba. Nina baridi tayari mpaka kwenye mifupa." Alikuwa anatetemeka kidogo. Uso wake ulikuwa unang'aa, nikasema moyoni ni moto wa jikoni. Nikautoa mkono wangu kwenye maji, nikaufuta kwenye kanga, nikauweka juu ya makaa.

Nilimkanda kwa muda mrefu, na nilimkanda vizuri, hilo ndilo baya. Nilianza na matako, nikaja kiunoni, nikalainisha paja kwa nje na kwa ndani. Kila nilipomgusa alikuwa wa moto, na mikono yangu ilikuwa ya moto, na vyote vilikuwa sawa. Kisha nikaweka kiganja juu ya goti nikaanza kulishusha, polepole, nikimwambia apumue. Aliuma pembe ya kanga. Goti likashuka, likashuka, mpaka mguu ukalala juu ya ngozi ya kondoo. Wakati ule ule mgongo wake ukainuka kitandani. Dirisha lilikuwa upande wa pili, na mwanga wa ule ukungu ulipita chini ya kiuno chake ukatokea upande wangu. Niliuona. Mguu haukuwa umenyooka kwenye nyonga hata kidogo, mgongo ndio uliokuwa umejipinda ili kunipa nilichokitaka. Nilikuwa nimeshafundishwa kutazama ni nani anafanya kazi ya nani, na niliutazama ule mwanga nikafurahi kwa sababu mguu uko chini.

Emiliana alitoa kanga mdomoni akatazama miguu yake miwili imelala sambamba, akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha chini, cha kifuani. "Mwambie mama ashushe pindo la gauni," akasema. "Nimekuwa mrefu." Nikamwambia nitamwambia. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni, kifua mbele na kiuno kimebonyea, akageuka akaniuliza kama anapendeza. Nilimjibu kwamba anapendeza, na ilikuwa kweli.

Kwa mama yake sikwenda. Nilijua nikimpelekea ujumbe ule angeuliza ni nani amemnyoosha binti, na jioni Shangazi angesikia. Shangazi alirudi amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa jikoni, nikampa makande. Akauliza, "Nani alikuja leo?" Nikasema, "Hakuna." Akala, akanisifu makande, akaenda kulala. Nimeirudia jioni ile mara nyingi kuliko ile asubuhi. Asubuhi nilikosea mkono. Jioni mtu pekee pale kijijini ambaye angevuka korongo na mkono wake wa baridi, akamwamsha Emiliana, akamgusa mara moja na kusema pandisheni huyu kwenye gari, alikuwa amekaa mbele yangu anatafuna mahindi. Nami nikamwambia hakuna.

Jumapili nilikwenda kwa kina Emiliana kusaidia kupika. Wageni walikaa sebuleni, wazee wanne na mama mmoja mwenye miwani. Emiliana alipita na sinia la vikombe amesimama kama askari wa gwaride, na nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Binti anasimama vizuri." Nilikuwa mlangoni na sufuria, nikajisikia kama sifa ni yangu. Kila Emiliana aliporudi jikoni alishika ukuta, na mama yake aliinama nyuma yake akalivuta gauni chini, mara mbili, mara tatu. Nilidhani ni wasiwasi wa mama tu.

Jumanne alishikwa na homa kali, tumbo likawa gumu. Walimpakia kwenye tela la trekta lililokuwa linakwenda Katesh na magunia, na kutoka Katesh wakapata gari mpaka hospitali. Alhamisi akafa. Mjomba wake aliporudi alisimulia kwenye lile benchi letu, hakujua anamsimulia nani. Alisema madaktari walimwambia kulikuwa na usaha nyuma ya tumbo, kando ya uti wa mgongo, umeteremka mpaka kwenye nyonga, umekaa huko siku nyingi, kisha ukapasuka ukamwagika ndani. Waliuliza kama alivutwa mguu au alikandwa. Emiliana alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba ametoka kwa Mama Daudi, amekandwa, amepona.

Nilimwambia Shangazi siku hiyo hiyo. Alikuwa anasonga ugali. Nilisema yote, Ijumaa, mtungi, makaa, "Hakuna" yangu. Hakuacha kusonga. Aliuepua, akaufunika, akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema ni Emiliana tu. Akakaa chini kwenye kigoda akaitazama mikono yangu, siyo uso. "Basi," akasema. Ni hilo tu. Ningetaka anipige.

Baada ya mazishi, Mama Emiliana alikuja mpaka kwenye lango la miti, hakuingia. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nikamsikia akisema, "Mama Daudi, ulimkanda mwanangu?" Shangazi akajibu, "Alikandwa kwangu." "Hukuona kwamba ana moto?" Nilijua kwamba nikifungua mlango ule mambo yatabadilika, na mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. "Sikuona," Shangazi akasema. Mama Emiliana akasimama pale kidogo zaidi, kisha nikasikia nyayo zake zikishuka korongoni. Tangu siku hiyo hakumsalimia Shangazi tena, na kijijini kwetu kupitana na mtu bila salamu ni kumwambia kwamba hayupo duniani.

Benchi lilikufa ndani ya wiki mbili. Shangazi alihamishia magunia ya mahindi kwenye kile chumba, kitanda akampa Daudi. Nilimwambia nitakwenda kusema ukweli. Akanikasirikia kwa mara ya kwanza. "Ukasemeje? Yule mama amepoteza mtoto, amepata mtu mmoja wa kumchukia, ameshamzoea. Unataka aanze upya? Na barua yako ikija, nani atamruhusu msichana aliyeua mwenzake akajifunze kushika watu?" Nikalia. Akasema, "Nyamaza. Nikiwa hai, hilo ni langu, usiniondolee. Nikifa utajua mwenyewe." Barua ikaja mwezi uliofuata. Siku ninaondoka alikuwa anachota maji ya kunywa, nikamwona amezamisha mkono wa kushoto kwenye mtungi, akaukung'uta, kisha akabaki ameushika hewani, hana pa kuuweka.

Chuoni, mwaka wa pili, mwalimu alitufundisha msuli unaotoka kwenye pingili za kiuno, unapita ndani ya nyonga, unashikilia mfupa wa paja. Alituonyesha kwenye picha jinsi figo na utumbo vinavyoulalia, na jinsi usaha wa kule nyuma unavyoweza kuufuata kama maji yanavyofuata mfereji, mpaka mgonjwa anakunja mguu bila kupenda. Kisha akamlaza mwanafunzi mmoja mezani, akavuta goti lake, akapitisha mkono chini ya kiuno. "Mguu ukishuka na mgongo ukapanda, umedanganywa," akasema. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Wenzangu walifikiri nimechukizwa na picha za usaha. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumgusa mgonjwa kabla ya kuweka mkono kwenye maji ya bomba. Waliniona nina kichaa cha usafi. Na kila mtu niliyemlaza karibu na dirisha, nilimwona Emiliana kwanza. Anakuja hata sasa. Amelala tu, na mwanga unapita chini yake.

Nilifika Gitting saa sita mchana. Wanawake walikuwa wamemlaza Shangazi kwenye kile chumba cha nyuma, magunia yameondolewa, na maji ya kumwoshea yalikuwa jikoni yanapashwa. Niliwaomba waniletee maji ya baridi kwanza. Wakatazamana, lakini mimi ni mtoto wa nyumba na nimekula chumvi nyingi, wakaleta. Nilichovya mkono wa kushoto, nikaukung'uta, nikauweka upande wa nyuma juu ya tumbo lake, kinena, kiuno. Hakukuwa na tofauti yoyote kati yake na mkono. Magoti yake niliyaacha yalivyokuwa. Nilimwosha akiwa kwa ubavu, na wanawake walinisaidia, na hakuna aliyejaribu kumnyoosha.

Nilipotoka, Mama Emiliana alikuwa kwenye benchi. Nilimtambua kwa vidole kabla ya uso, vile vidole vya fundi ambavyo haviachi kushika nguo. Ana miaka themanini na zaidi, nyonga ya kulia imelika, ameegemea fimbo. Daudi alininong'oneza kwamba amevuka korongo kwa mguu asubuhi yote, amekaa hapo, na hajamsalimia mtu. Nilipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba bila kunitazama. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nilishangaa, "Mama, siku ile Emiliana alipokuja kukandwa, Shangazi hakuwepo. Alikuwa Gehandu. Mimi ndiye niliyemkanda. Sikumpima moto, na jioni Shangazi aliponiuliza, nilisema hakuna aliyekuja."

Mtoto fulani alipita na kuni, kuku wakatawanyika. Kisha akauliza, "Alilia?"

"Hapana, mama. Alicheka."

Hapo akanitazama. "Alicheka nini?"

"Mguu uliposhuka. Aliniambia nikwambie ushushe pindo la gauni, kwamba amekuwa mrefu. Sikukwambia."

Vidole vyake vilishika ukingo wa kanga, vikaukunja, vikaukunjua. "Lilikuwa fupi," akasema. "Wageni wamekaa sebuleni, nikaliona ni fupi, vidole vinne. Nikaona aibu. Mimi fundi, nimeshindwa kumpima mtoto wangu. Nimemzika nalo hivyo hivyo, na miguu inaonekana." Alikunja tena ukingo wa kanga, akaupima kwa vidole vinne, akautazama. "Kumbe nilipima sawa."

Alinipa fimbo yake nimshikie, akaweka mkono begani kwangu, akaniambia nimwinue polepole, aingie ndani akamsalimie Mama Daudi.